Somo la Mwendo wa Maji Lianzie Sabaki

Wanafunzi wengi wa uhandisi huliogopa somo la mwendo wa maji na hewa. Huwafikia ubaoni likiwa limejaa milinganyo, nao huikariri ili wavuke mtihani, kisha huisahau. Naamini kwa kijana wa Malindi au Kilifi woga huo si wa lazima. Mambo yanayoelezwa na milinganyo ile hutokea kila siku pale Sabaki inapomwaga maji baharini, na pale ndipo angeanzia kabla hajashika kalamu.

Mto huu, ambao huko juu huitwa Athi, kisha Galana, hushuka na udongo mwingi mvua zikinyesha bara. Ukifika mlangoni, maji yake ya kahawia hutanda juu ya maji ya bahari, kwa kuwa yasiyo na chumvi ni mepesi: lita 1,000 za maji ya bahari zina uzito wa kilo 1,025 hivi. Mzigo wa udongo wenyewe hauzami kwa pamoja. Mwaka 1851 George Stokes alionyesha kwamba chembe ndogo mno ikizama katika maji matulivu, kasi yake hutegemea kipenyo chake kilichozidishwa kwa chenyewe. Punje ya mchanga mwembamba yenye kipenyo cha milimita 0.1 huzama mita 1 kwa dakika 2 hivi. Chembe ya tope ya milimita 0.01, ndogo kwa mara 10 tu, huchukua zaidi ya saa 2. Ndiyo sababu mchanga hutua karibu, na upepo ukaurundika kuwa vilima vya Mambrui, ilhali tope laini husafiri. Kusi ikivuma, tope hilo huchukuliwa upande wa kaskazini. Ikigeuka kaskazi, husukumwa kusini hadi ghuba ya Malindi na matumbawe yake.

Atakayepinga atasema kwamba hayo kila mvuvi anayaona, na mhandisi hapimi bomba kwa macho. Ni kweli, na pingamizi hilo lina uzito. Tazama Baricho, penye visima kando ya Sabaki vinavyopeleka maji Malindi, Kilifi hadi Mombasa. Ukitaka bomba lile lile lipitishe maji maradufu, presha inayopotea kwa msuguano haiongezeki mara 2 bali karibu mara 4, na nguvu ya pampu ya kuushinda msuguano huo karibu mara 8. Jicho haliwezi kuliona hilo. Hesabu ndiyo inayolifichua, na asiyeijua atawaacha watu na mifereji mikavu. Lakini hesabu nayo hudanganya mikononi mwa asiyeyajua maji. Stokes alipiga hesabu ya tufe moja linalozama peke yake. Tope la mto likikutana na chumvi, chembe zake hushikamana zikawa vibonge, na vibonge huzama upesi kuliko chembe moja moja. Aliyekariri kanuni bila kuuona mlango wa mto ataingiza kipenyo cha chembe moja, apate jibu safi ambalo si la Sabaki. Wengine husema somo ni la Kiingereza, basi lugha ya nyumbani haisaidii. Sioni hivyo: mtoto aliyekua akisikia bamvua, maji mafu na mkondo amekwisha kuzigawa hali za maji kabla ya kuingia chuoni, na hiyo ni nusu ya kazi.

Kwa hiyo, mwanafunzi, muhula usikukute hujafanya hili. Chota maji ya Sabaki kipindi cha mvua, uyatie katika chupa 2 nyeupe zilizo sawa. Moja itie kijiko cha chumvi. Zitikise zote kwa pamoja, uziweke mahali pasipotikisika, usimamishe rula kando, na kila baada ya dakika 10 uandike maji meupe yameshuka hadi wapi. Yenye chumvi itatakata kwanza.