Umenasa Dere Akiendesha Kiwazimu? Soma Hii Kabla Hujamuanika Mtandaoni

Picha iko hivi. Uko ndani ya matatu, mmetoka Malindi mnaelekea Mombasa. Mmepita Gede, msitu wa Arabuko Sokoke uko hapo kando, na dere ameamua leo ni leo. Anaovateki kwa kona, simu iko sikioni, na ukilalamika kondaa anakwambia ukitaka raha ununue gari yako. Unatoa simu, unarekodi, unaposti na namba pleti inaonekana vizuri. Kabla mfike Mtwapa watu washaisambaza kila mahali.

Nakuelewa kabisa. Hii barabara imemaliza watu wetu. Machi 2021 pale Kizingo, Kilifi, basi na matatu ziligongana na watu zaidi ya kumi wakafa. Kwa hivyo mtu akikwambia "wachana nayo, si mambo yako", huyo hajawahi kukaa kiti cha mbele usiku kwa hii lami.

Swali si kama unafaa kusema. Swali ni unasema aje, na unamtaja nani.

Kuanika kunasaidia, tusidanganyane

Wakenya wamefanya hii kitu kitambo. Ma3Route ilianza 2012, ikianzishwa na Laban Okune, na mpaka leo watu hutuma huko habari za jam, ajali na madere wanaoendesha ovyo. Polisi hawawezi kuwa kila kona kati ya Mtwapa na Malindi, lakini simu ziko kila kiti.

Na matatu ina mahali pa kubanwa. Kanuni za 2014 zinataka kila PSV iwe chini ya sacco au kampuni yenye angalau gari 30, na hiyo sacco ndio inaenda kuomba leseni kwa NTSA. Ukitaja sacco, mahali na saa, kuna ofisi inatakiwa kujibu. Hiyo si umbea, ni uwajibikaji.

Lakini kumbuka pia Machi 2022. Klipu ya wanabodaboda wakimdhulumu mwanamke dereva Nairobi ilisambaa, na washukiwa wakashikwa. Sawa kabisa. Shida ni kwamba msako uliofuata uliwapata hadi wale ambao siku hiyo walikuwa wanabeba abiria wao kwa amani. Moto ukiwashwa mtandaoni hauchagui nyumba.

Namba pleti si mtu

Hapa ndipo wengi wetu hubugi. Namba pleti inakuonyesha gari. Haikwambii nani alikuwa kwa usukani.

Fikiria vile gari za hapa kwetu hufanya kazi. Mwenye gari ni mmoja, dere wa kila siku ni mwingine, na akichoka anampa mtu wa skwodi apige trip mbili. Tuktuk ya Malindi inaweza kushikwa na watu watatu kwa siku moja. Na kuna wale wameuza gari na logbook haijabadilishwa jina. Ukitafuta mwenyewe, unapata mtu ambaye hajaiona hiyo gari mwaka mzima.

Nakwambia hivi kwa sababu nilifanya. Tuktuk ilinikata vibaya mjini Malindi nikiwa kwa boda, karibu tuingie mtaroni. Nikaposti pleti na maneno makali. Kwa komenti mtu akaleta picha ya dere, mwingine akaleta namba yake ya simu. Mimi nikaona poa, watu wanasaidia. Jioni mwenye tuktuk akamfukuza kazi.

Siku mbili baadaye mama mmoja akanifuata pale steji. Akaniuliza, "Mwanangu, ni wewe ulimuweka kijana wangu kwa simu?" Kijana wake siku hiyo alikuwa matangani. Tuktuk alikuwa amempa mtu wa skwodi. Nilifuta posti, lakini skrinshoti hazifutiki. Nilienda kwa mwenye tuktuk kumweleza, akaniambia ashapata dere mwingine. Huyo mama bado namwona, na bado sijui nimwambie nini zaidi ya shikamoo.

Sheria inasemaje?

Katiba, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, hata dere mkorofi. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Sura ya mtu, jina na namba ya simu ni data yake. Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data ilipiga klabu moja ya Nairobi, Casa Vera Lounge, faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa yake. Hiyo ilikuwa biashara na wewe ni mtu binafsi, lakini umeona vile picha moja inaweza kukugharimu.

Na kuchafua jina? Mahakama Kuu iliondoa kosa la jinai la kuchafua jina mwaka 2017. Lakini aliyechafuliwa bado anaweza kukushtaki umlipe. "Niliona kwa komenti" haitakuokoa.

Sasa ufanye nini?

1. Kama wewe ndio unaendesha, usirekodi. Kushika simu ukiendesha ni kosa lilelile unalolalamikia. Mpe aliye kando yako.

2. Rekodi kitendo, si sura. Gari ikiovateki kwa kona inatosha.

3. Andika saa, mahali na jina la sacco. "Matatu fulani ya Malindi" haisaidii mtu.

4. Pleti kamili ipeleke kwanza kwa sacco, NTSA au kituo cha polisi. Hao wanaweza kuuliza nani alikuwa kwa usukani. Watu wa komenti hawawezi.

5. Ukiposti, sema ulichoona tu. "Gari hii iliovateki kwa kona" ni jambo umeona. "Huyu dere ni mlevi" ni jambo umebuni.

6. Mtu akileta jina, picha ya familia au namba ya simu kwa komenti, futa hapo hapo. Ni ukurasa wako, na ni wewe utaulizwa.

7. Ukikosea, rekebisha kwa sauti ileile uliyotumia kulaumu. Usifute kimya kimya.

Na kama maisha yako hatarini saa hiyo, wachana na kuposti. Ambia dere akushushe Matsangoni, Tezo, popote penye watu. Nauli itarudi, wewe hutarudi.

Madere wabaya wako, na hatutanyamaza. Lakini kabla ubonyeze hiyo kitufe, jiulize: una hakika ni yeye, ama una hakika tu ni gari yake?