Mwendo wa Pupa kwenye Mstari wa Namba: Mfuatano wa Recamán na Suala la Namba Zinazorukwa

Chukuliwe kwamba taruma moja la reli ya TAZARA, mbele ya stesheni ya Chita, limepewa namba 0, na mataruma yanayofuata kuelekea Mlimba yamepewa 1, 2, 3 na kuendelea bila kikomo. Mwendaji anaanzia 0. Mruko wa kwanza una urefu wa taruma 1, wa pili 2, wa n una urefu wa n. Kila mara hujaribu kwanza kurudi nyuma, mradi aangukie namba chanya ambayo hajaikanyaga. Isipowezekana, huruka mbele kwa urefu uleule. Hapimi matokeo ya mbali, na ndiyo maana mwendo huu unaitwa hapa wa pupa. Namba anazozikanyaga ni 0, 1, 3, 6, 2, 7, 13, 20, 12, 21, 11, 22, 10, 23, 9, 24, 8, 25, 43, 62 na kuendelea.

Mfuatano huu ni wa Bernardo Recamán Santos wa Kolombia, aliyempelekea Neil Sloane mwaka 1991; katika ensaiklopidia ya mifuatano iliyoasisiwa na Sloane una namba A005132. Mwendaji hawezi kukwama, kwa kuwa kwenda mbele huruhusiwa hata penye namba iliyokwisha kukanyagwa. Kwa sababu hiyo marudio hutokea: 42 hufikiwa katika mruko wa 20 na tena katika wa 24. Suala gumu ni jingine: je, kila namba hufikiwa hatimaye?

Ugumu wake unaonekana katika namna mwendo unavyojaza mapengo. Aliyeko kwenye a akiruka mbele n, kisha akarudi n + 1, huishia a − 1. Mbadilishano huo ukiendelea, namba za chini hujazwa moja moja kwa kushuka: 12, 11, 10, 9, 8. Msururu hukatika unapogonga namba iliyokwisha kukanyagwa. Baada ya 8 mwendaji yuko 25. Kurudi 18 kungemfikisha 7, ambayo aliipita katika mruko wa 5, hivyo anasukumwa hadi 43, kisha 62.

Kutoka hapo anapita 42, 63 na 41, na mruko wa 23 unamtua 18. Msururu mpya unashuka hadi 14. Namba 19 imebaki juu yake kwa nafasi moja tu, na msururu unaoshuka haurudi kuichukua. Haifikiwi mpaka mruko wa 99734. Hata 4, iliyo karibu kabisa na chanzo, husubiri mruko wa 131.

Sloane alidhani mwaka 1991 kwamba kila namba hutokea. Mwaka 2017 aliandika kwamba hana tena uhakika huo. Mwaka 2018 Benjamin Chaffin alifikisha hesabu kwenye vipengele 10 kwa kipeo cha 230. Idadi hiyo haihesabiki kwa mruko mmoja mmoja kwa kompyuta yoyote. Huwezekana kwa kuushughulikia msururu mzima kama kitu kimoja. Namba ndogo kuliko zote ambayo haikuonekana ilikuwa 852655. Hesabu hiyo, pamoja na ukubwa wake, haithibitishi kwamba namba hiyo haitafikiwa kamwe, wala hakuna uthibitisho unaojulikana kwamba itafikiwa.