KUTAKASA MAJI YA VISIMA NA MABIRIKA WAKATI WA UCHUMAJI



Mvua za vuli aghlabu hukuta karafuu ziko juu ya majamvi na wachumaji wako kambini. Kila mwenye shamba ajua khasara ya karafuu iliyonyeshewa, ndiyo maana wingu likitanda watu wote hukimbilia kukunja majamvi. Mvua hiyo hiyo huteremka na udongo, majani yaliyooza na uchafu wa watu na wanyama mpaka kisimani, na huko hatumwoni mtu akikimbia. Siku ya pili maji huwa rangi ya chai ya maziwa, wachumaji huyanywa kwa kuwa hawana mengine, na baada ya siku chache nusu ya kambi inaharisha. Hapo karafuu hupasuka mitini kwa kukosa mikono. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba watoto wachanga hufuata mama zao makambini, na mtoto anayeharisha humalizika maji mwilini upesi kuliko mtu mzima.

Baadhi ya wenzetu hupata vidonge vya klorini, wakavitia katika pipa la maji ya tope, wakaona wametimiza wajibu. Twapenda kueleza kwa nini hilo halitoshi, na ipi njia iliyo sawa.

Visiwa hivi si wageni wa maradhi ya maji. Kipindupindu kiliua watu wengi sana Unguja mwaka 1869 na 1870, na Daktari James Christie, aliyekuwa akiishi mjini wakati huo, aliandika kitabu juu ya maradhi hayo kilichochapwa London mwaka 1876. Zama za Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, mji ulivutiwa maji ya chemchemi kwa mifereji. Mashamba yalibaki na visima vyake. Kipindupindu kilizuka tena mwaka 1978, na mara nyingine tangu hapo, ikiwamo mwaka 2015.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe. Klorini huua vijidudu kwa kuvila, lakini haichagui: hula na tope, na majani, na kila kilichooza. Ukiitia katika maji machafu humalizikia kwenye uchafu kabla ya kuwafikia wadudu, na wadudu wenyewe hujificha ndani ya punje za udongo isipoweza kuingia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuyatuliza maji, na klorini huja nyuma yake. Mwenye kugeuza utaratibu huu hupoteza dawa yake na fedha zake.

Maji ya tope hayatui upesi kwa sababu punje za udongo ni ndogo mno, na zote zina umeme wa namna moja, basi husukumana zisikutane. Shabu huvunja ugomvi huo. Ikiyeyuka katika maji huondoa nguvu ya ule umeme, punje zikashikana, zikawa vipande vilaini kama pamba, vikazama kwa uzito wao. Ni shabu ile ile wanayoitumia vinyozi, na bei yake si ya kumtisha mtu.

Kiasi gani? Hapo ndipo watu hukosea, maana maji ya kisima kimoja si sawa na ya kingine, na maji ya leo si sawa na ya jana. Dawa yake ni kujaribu kwanza. Saga shabu, chukua kijiko cha chai kimoja kilichosawazishwa, uyeyushe katika nusu lita ya maji safi. Kisha panga chupa tatu nyeupe zenye lita 1 moja ya maji machafu. Ya kwanza itie nusu kijiko cha chai cha mchanganyiko huo, ya pili kijiko kimoja, ya tatu vijiko viwili. Tikisa kwa nguvu kwa dakika moja, halafu zigeuzegeuze polepole kwa dakika tano hivi, uziache. Baada ya saa moja tazama ni chupa ipi yenye shabu chache kuliko nyingine na maji yake yameng'aa. Ikiwa ni ile ya nusu kijiko, basi pipa la lita 200 lataka kijiko cha chai kimoja cha shabu kavu. Ikiwa ni ya kijiko kimoja, pipa lataka viwili. Na ya vijiko viwili, vinne. Usizidishe kwa kudhani kwamba nyingi ndiyo nzuri. Shabu ikizidi, punje husukumana upya na maji hubaki na ukungu.

Katika pipa fanya vile vile: yeyusha shabu pembeni kwanza, mimina, koroga kwa nguvu dakika moja, kisha taratibu kwa dakika kumi kama mtu akorogaye uji asiotaka umwagike. Funika, uache mpaka asubuhi. Teka juu kwa kata bila ya kuyatibua mashapo, na chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Tusikidharau kitambaa hicho. Huko Bangladesh, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vijiji vilivyochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa hivyo vilipata wagonjwa wa kipindupindu pungufu kwa karibu nusu. Nguo kuukuu hushinda mpya, kwa kuwa nyuzi zake zimelegea na matundu yamezibana. Kanga ya zamani iliyofuliwa yafaa sana.

Wako watakaouliza juu ya mbegu za mlonge. Naam, zafanya kazi: mbegu moja iliyomenywa na kutwangwa kwa kila lita ya maji yaliyochafuka sana, ukakoroga vile vile. Illa maji yake yasilale zaidi ya siku moja, kwani unga wa mbegu uliobaki huoza na kuwalisha wadudu wale wale tunaowakimbia.

Lipo jambo jingine ambalo halionekani kwa macho, nalo ni uchachu na umagadi wa maji. Wataalamu hulipima kwa kipimo kiitwacho pH: 7 ni katikati, chini yake maji ni machachu, juu yake yana umagadi. Vipo vikaratasi vya kupimia vinavyogeuka rangi. Maji ya visima vya mawe ya matumbawe huwa na chokaa, kwa hiyo huelekea umagadi. Maji ya mvua yatokayo juu ya mabati hayana chokaa, na huelekea uchachu. Maana yake kwetu ni mbili. Kwanza, shabu yataka chokaa kidogo ndani ya maji ili ishike, basi katika maji matupu ya mvua hushindwa na kuyazidisha uchachu. Changanya na maji ya kisima. Pili, klorini hupungukiwa na nguvu kila umagadi ukizidi. Kwenye 7.5 karibu nusu yake tu ndiyo yenye makali, kwenye 8.5 yabaki kama sehemu moja katika kumi. Birika jipya la saruji ndilo baya kuliko yote, kwa sababu saruji mbichi hutoa chokaa kwa muda mrefu. Lijaze, liache siku kadhaa, limwage, ulijaze tena, na upime kabla ya kulitegemea.

Maji yakishatulia na kuchujwa, ndipo yatiwe klorini. Wenye vidonge wafuate maandishi ya paketi. Mwenye dawa ya maji ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato na yenye klorini asilimia 3.5, atie kijiko kikubwa kimoja, yaani mililita 15, kwa pipa la lita 200. Koroga, funika, ngoja nusu saa. Ikiwa maji yana umagadi, ngoja saa nzima. Baada ya hapo harufu ndogo ya klorini lazima isikike. Isiposikika kabisa, dawa yote imeliwa: rudia kipimo kile kile, ungoje tena. Wachumaji wengine hulalamika kwa harufu hiyo. Waelezwe kwamba hiyo ndiyo alama ya kuwa yamebaki makali ya kuwalinda hata kata chafu ikiingia pipani. Kumbukeni pia kwamba dawa hii hufa kwa jua na kwa kukaa, na chupa ya mwaka jana si ya kuaminiwa.

Mambo haya ndiyo hayo hayo ya mabwawa ya kuogelea ya mahoteli, ambako vijana wetu wengi wameajiriwa. Huko pH hushikwa baina ya 7.2 na 7.8, na klorini isipungue miligramu 1 kwa lita. Bwawa likifanya ukungu, wengi hukimbilia kuongeza klorini, na kumbe ni umagadi uliopanda au mchujo ulioziba. Tena kuchanganya dawa bila ya kujua hakumwachi hata mkubwa. Katika michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, Agosti 2016, lita 80 za haidrojeni peroksaidi zilimiminwa katika bwawa lililokuwa likitumia klorini. Dawa moja iliiua nyingine, ukungu wa mimea ukaota, na bwawa likageuka kijani mbele ya macho ya dunia nzima.

Hadhari za mwisho ni za ghala. Klorini ya unga isiwekwe kabisa mahali pamoja na magunia ya karafuu wala chupa za mafuta ya makonyo. Ikigusana na mafuta huweza kuwaka yenyewe. Isichanganywe na siki wala dawa nyingine ya kusafishia choo, maana hutoa hewa ya sumu. Daima tia dawa ndani ya maji, usimwagie maji juu ya dawa.

Klorini haiondoi chumvi ya visima vya pwani, wala dawa za kuulia wadudu wa mimea. Kisima chenye choo ndani ya mita 30 kisitegemewe hata kwa dawa, na choo kisiwe upande wa juu wa mteremko. Asiyepata shabu wala klorini achemshe maji mpaka yatokote sawasawa kwa dakika moja, hata yakiwa na tope.

Pipa moja lenye mfuniko na bomba chini linatosha kwa maji ya kunywa ya wachumaji 40 kwa siku, kwa lita tano kila mtu. Liwekwe kivulini, na jingine kando yake liwe linatuliza maji ya kesho.