Vifaa vya mbwa vya mtumba: Osha kwanza, ndipo utie dawa

KWA mwenye duka au zizi wa Gongoni, mjini Tabora, mbwa wa ulinzi ni sehemu ya mtaji. Lakini mnyororo, bakuli au banda lililotumika, linalonunuliwa ili kuokoa fedha, laweza kumgharimu mbwa huyo.

Tabora ni njia panda ya reli ya Kigoma na Mwanza. Bidhaa hufika kutoka kila upande, na si rahisi kujua mbwa aliyetumia kifaa hicho alikufa kwa ugonjwa gani.

Hatari kubwa ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoua zaidi watoto wa mbwa. Dalili zake ni kutapika, kukataa chakula na kuhara, mara nyingi damu. Virusi hutoka kwa wingi kwenye kinyesi, na vinaweza kuishi mwaka mzima au zaidi. Sabuni na dawa nyingi za sakafu haziviui.

Virusi vya distempa ni dhaifu zaidi. Jua na sabuni huvimaliza. Hata hivyo si ugonjwa wa kudharau. Mwaka 1994 uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Namna ya kusafisha

Kwanza, sugua kifaa kwa maji ya sabuni hadi uchafu wote utoke, kisha suuza. Usiruke hatua hii, kwani Jik hupoteza nguvu ikikutana na kinyesi au udongo.

Pili, changanya nusu lita ya Jik na lita 10 za maji safi. Loweka kifaa kwa dakika 10.

Tatu, suuza tena, maana Jik hula chuma, kisha anika juani. Tengeneza mchanganyiko mpya kila siku. Usitie dawa nyingine ya usafi ndani yake. Hutoa hewa ya sumu.

Kamba, mikanda ya ngozi na mbao zilizopasuka hunywa uchafu, hivyo ni bora kuziacha. Nawe mfanyabiashara, safisha kabla ya kuuza. Mteja aliyefiwa na mbwa harudi.

Mwisho, chanjo ya kichaa cha mbwa haizuii parvo wala distempa. Muulize ofisa mifugo kuhusu chanjo zake, ambazo huanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki sita hadi nane na hurudiwa hadi afikishe wiki 16.