Hiki, hicho na kile: njia fupi ya kuingia kwenye Kihispania

Tulipofika Minneapolis, wengi wetu tuliambiwa tujifunze Kiingereza haraka. Ni ushauri mzuri. Lakini ukianza kazi jikoni, ghalani au kwenye usafi wa hoteli, mara nyingi unakuta wenzako wanaongea Kihispania siku nzima. Ukitembea Lake Street ni hivyo hivyo: mbao za maduka, matangazo ya mikate na nyama, na soko la Mercado Central ambalo wafanyabiashara wa Kilatino walilifungua mwaka 1999. Na watoto wetu wakifika sekondari, Kihispania huwa miongoni mwa lugha wanazopewa kuchagua.

Leo nataka kueleza sehemu moja tu ya lugha hiyo, maneno ya kuonyesha kitu. Nimeichagua kwa sababu hapo Mswahili ana nafuu kuliko Mmarekani, na wengi wetu hatujui kwamba tunayo.

Mimi niligundua kwa maumivu. Majira yangu ya kwanza ya baridi hapa nilikuwa nasafisha jiko la mgahawa usiku. Kulikuwa na chupa mbili za dawa zinazofanana, moja mbele yangu, nyingine karibu na mwenzangu aliyetoka Ekuador. Akaniambia, “¡Esa no! ¡Esa no!” Nikadhani anazungumzia chupa yake. Nikatumia iliyokuwa mbele yangu, bila glavu. Kumbe ilikuwa dawa kali ya kutoa mafuta kwenye oveni, na mkono uliniwasha siku mbili. Miaka kadhaa baadaye, nikisoma Kihispania chuoni, ndipo nilipoelewa. Alikuwa ameniambia, “Hiyo hapana!” Hiyo, yaani iliyo kwako. Mama yangu angesema vivyo hivyo.

Hatua tatu za umbali

Kiingereza kina hatua mbili tu: “this” kwa kilicho karibu na “that” kwa kingine chochote. Kiswahili kina tatu, na Kihispania kina tatu vilevile:

- Este ni *hiki*: kitu kilicho karibu nami ninayeongea.
- Ese ni *hicho*: kitu kilicho karibu nawe unayenisikiliza, au tulichokwisha kukitaja.
- Aquel (tamka “akel”) ni *kile*: kitu kilicho mbali nasi sote.

Sisi tuliokulia Kivu hatubadilishi sana ngeli. Tunasema “hii kitabu, hiyo kitabu, ile kitabu.” Haidhuru. Hatua tatu za umbali ziko palepale: hii, hiyo, ile.

Hata kwenye kusimulia mambo ya zamani lugha hizi mbili zinakwenda pamoja. Tukikumbuka maisha ya Nyarugusu tunasema “miaka ile”, na Mhispania naye husema “aquellos años”. Mbali ya mahali na mbali ya wakati hutumia neno moja.

Ngeli zao ni mbili tu

Mtu aliyezoea kisu hiki, mti huu, jiwe hili na ufagio huu hawezi kutishwa na Kihispania. Wao wana makundi mawili, la kiume na la kike, kila moja na umoja na wingi wake. Neno la kuonyesha hufuata kundi la kitu, kama kwetu. Chukua vitu vinne vya jikoni: cuchillo ni kisu, olla ni sufuria, platos ni sahani nyingi, cajas ni maboksi.

- Karibu nami: este cuchillo, esta olla, estos platos, estas cajas.
- Karibu nawe: ese cuchillo, esa olla, esos platos, esas cajas.
- Mbali nasi sote: aquel cuchillo, aquella olla, aquellos platos, aquellas cajas.

Irabu zao ni a, e, i, o, u kama zetu, kwa hiyo soma unavyosoma Kiswahili. Kumbuka tu kwamba ll wengi huitamka kama y: “oya”, “kuchiyo”, “akeya”. Na j ni h nzito kidogo: “kahas”.

Este na ese zinafanana, na ndizo zinazochanganya watu wengi. Angalia herufi t. Mimi huwaambia wateja wangu: t ni ya “tunacho hapa”. Penye t, kitu kiko kwa anayeongea. Pasipo t, kiko kwako.

Mitego minne

Wa kwanza ni mpangilio. Sisi kwa kawaida tunasema kisu hiki, jina likitangulia. Kihispania hutanguliza neno la kuonyesha: este cuchillo. Ukitaka kuzoea, fikiria tunavyosema “kile kisu”.

Wa pili ni esto, eso na aquello. Haya hayasimami pamoja na jina la kitu. Ni ya kitu usichokijua jina, au ya jambo zima. “¿Qué es esto?” ni “Hii ni nini?” “Por eso” ni “ndiyo maana”. Usimtambulishe mtu kwa esto. Ni kama kumwita mtu “hiki”. Sema “Este es mi hijo”, huyu ni mwanangu wa kiume, au “Esta es mi hija”, huyu ni binti yangu.

Wa tatu utausikia kazini. Wenzetu wengi wa Amerika ya Kilatini hawatumii sana aquel wanapoongea. Husema ese na kunyoosha mkono, au “ese de allá”, yaani kile cha kule. Kwa hiyo ukisikia ese au esa, mtazame pia anaelekeza wapi. Na hasa ikiwa ni dawa, kisu au mashine, gusa kitu na uulize: “¿Este?” au “¿Esta?” Kuuliza hakuna aibu, na kungeuokoa mkono wangu.

Wa nne ni wa vitabu. Vitabu vya zamani huweka alama juu ya herufi, kama éste, neno likisimama peke yake bila jina. Tangu mwongozo wa tahajia wa mwaka 2010 alama hiyo haihitajiki tena. Mtoto wako akiiona kitabuni asichanganyikiwe.

Kwa wazazi

Majuzi, kwenye ziara ya nyumbani St. Paul, nilimkuta binti wa sekondari amekwama. Zoezi lake lilitaka maneno mawili ya Kihispania kwa “that” moja ya Kiingereza, naye hakuona tofauti. Mama yake alikuwa anachambua maharage, na alinitangulia kusema kwamba hajui Kiingereza, hawezi kumsaidia mtoto masomo. Nikamwomba aweke vijiko vitatu: kimoja kwake, kimoja kwa binti, kimoja dirishani. Nikamwambia avitaje kwa Kiswahili. Akasema bila kufikiri, “Hiki, hicho, kile.” Binti akatazama karatasi yake, akaanza kujaza. Alipofika sentensi ya tano alisita, akageuka akamuuliza mama yake, si mimi.

Jaribuni nyumbani jioni hii kwa vijiko au viatu. Mzazi ataje kwa Kiswahili, mtoto ajibu kwa Kihispania, kisha mbadilishane. Na ukiwa kazini, anza na sentensi moja ya heshima: “¿Me pasa ese cuchillo, por favor?” Maana yake, “Unaweza kunipa hicho kisu, tafadhali?” Hicho, kilicho kwako.