Tulimpeleka nkambo kwenye maji ya Lofoi



Wengi wetu hapa Lubumbashi tumesikia jina la Lofoi tangu shuleni, lakini tuliofika huko ni wachache. Ni maporomoko yaliyo ndani ya Parke ya Taifa ya Kundelungu, iliyoundwa mwaka 1970. Mto Lofoi unatoka juu ya mlima ulio tambarare, unafika ukingoni, kisha unaanguka zaidi ya mita 300 ndani ya bonde lenye kuta za mawe. Kutoka hapo unakwenda kuingia katika Lufira.

Mama mkwe wangu alizaliwa upande wa Lufira. Maji hayo aliyaona mara moja tu, alipokuwa msichana. Mwaka huu daktari alitueleza kwamba presha ya macho imemharibu, na kwamba kuona kulikopotea hakurudi. Dawa inatunza tu kilichobaki. Mama akaniambia: “Mwanangu, nipelekeni kabla giza halijaingia.”

Zamu yangu ya likelemba ilikuwa imefika, na pesa hizo zilikuwa za mabati. Usiku mbili sikupata usingizi. Mume wangu akasema: “Mabati yatangojea. Macho ya mama hayatangojea.”

Tulikwenda Julai, watoto wakiwa likizo. Tulikodi jeep pamoja na familia nyingine ya kikundi, maana njia ni ya vumbi na mashimo. Tulibeba unga wa bukari, samaki wakavu, maji ya kunywa na mablanketi, kwa kuwa huko juu usiku wa kiangazi una baridi.

Tulipofika, moyo ulinianguka. Kiangazi kilikuwa kimepunguza mto. Maji yalikuwa kama uzi mweupe, upepo ukiyapeperusha kabla hayajafika chini. Nkambo alisimama mbali na ukingo, ameshikwa mkono na binti yangu wa miaka 10. Akauliza: “Yako wapi?” Aliona weupe wa mbingu tu. Nikakumbuka mabati, machozi yakanijaa.

Binti ndiye aliyemjibu. “Nkambo, yanatoka pale mbele yetu, membamba. Sasa upepo umeyabeba upande wa kushoto. Kule chini miti ni ya kijani, lakini huku juu majani yote yamekauka.” Aliendelea hivyo bila kuchoka. Kisha nkambo naye akaanza kumweleza yalivyokuwa wakati wa mvua: mngurumo wake, na namna walivyolowa nguo wakiwa bado mbali. Walikaa pale mpaka jua likashuka. Watoto wangu hawakuwa wamewahi kumsikia akisimulia usichana wake.

Mabati bado hatujanunua. Zamu nyingine itakuja.

Kwa vikundi vinavyotaka kwenda:

– Kama mnaweza, nendeni mwezi wa tano. Mvua imeisha, njia imeanza kukauka, na mto bado una nguvu.
– Ombeni ruhusa kwanza kwa ICCN, wanaosimamia parke.
– Ukingoni, kila mtoto ashikwe mkono na mtu mzima. Mawe yaliyolowa yanateleza.
– Msiache moto nyuma yenu. Majani makavu yanawaka haraka.
– Na kama nyumbani kuna mzee aliyetamani kurudi mahali fulani, msingojee mwaka kesho.