Nairobi hadi New York: saa 15 kwenda, 14 kurudi

Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, Oktoba 28, 2018, ratiba yake ilikuwa na jambo ambalo abiria wengi hulipita bila kuuliza. Kwenda huchukua kama saa 15, kurudi kama saa 14. Miji ni ileile, ndege ni ileile, Boeing 787. Hiyo saa moja inatoka wapi?

Tuanze na umbali. Ukipiga mstari kwa rula kwenye ramani ya ukutani, katikati ya safari utaangukia baharini, nje kidogo ya pwani ya Mauritania. Sasa chukua tufe la dunia na uzi, uvute hadi ukaze. Uzi utapanda kaskazini zaidi: Uganda, Sudan Kusini, Chad, jangwa la Algeria, na nusu ya njia itakuwa karibu na Marrakesh, Moroko. Hiyo ndiyo njia fupi, kama kilomita 11,800. Rubani hulazimika kuiacha hapa na pale kwa sababu ya hali ya hewa au anga isiyopitika.

Ndege hiyo ikishatulia juu hukata takriban kilomita 900 kwa saa. Gawanya, utapata saa 13 na ushei. Ratiba huhesabu pia muda wa kutoka langoni, kupanda, kushuka na kuegesha. Lakini mwamuzi mkuu ni upepo.

Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kwenye kimo cha kilomita kumi hivi, hupita mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Zile kilomita 900 ni kasi ya ndege ndani ya hewa. Upepo wa kilomita 100 ukiikabili usoni, juu ya ardhi inasonga 800 tu. Ukiisukuma kutoka nyuma, 1,000.

Wapo wanaodhani sababu ni mzunguko wa dunia, na swali lao ni la haki. Kwenye Ikweta ardhi huzunguka kuelekea mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa, lakini hewa nayo huzunguka pamoja nayo. Helikopta ikielea saa nzima juu ya Uhuru Park, itashukia Uhuru Park.

Saa za ukutani nazo huchanganya. Mgeni akiondoka Nairobi saa tano usiku na kutua New York saa kumi na mbili asubuhi, mwenyeji wake atahesabu saa saba. Majira ya baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Zijumlishe, upate 15. Kuanzia Machi hadi Novemba tofauti hupungua kuwa saa 7, kwa kuwa Wamarekani husogeza saa zao mbele na Kenya haigusi zake. Kwa hiyo muda wa kutua unaoandikwa kwenye tiketi unaweza kubadilika kwa saa nzima, ilhali safari yenyewe haijarefuka hata dakika moja.